Mama Hakupanda Treni

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe! Lisifiwe na walio wazima, na lisifiwe na sisi tuliofika hapa tukichechemea!

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Papa Mauwa, yule fundi wa kuchomelea vyuma kule bandarini. Mmeniona hapa Jumapili nyingi, lakini nawaambia ukweli: nilikuwa nakaa tu kama kiti. Tangu tumzike mke wangu Feza, sikuwa na neno la kumwambia Mungu. Hata la kumlalamikia sikuwa nalo. Leo nimesimama mbele yenu kwa sababu Bwana ameifungua nyumba yangu, na ameifungua wakati tulipokuwa tunamtayarisha mtoto wetu kuanza masomo ya maternelle, ile shule ya watoto wadogo.

Feza alishikwa na kuhara na kutapika asubuhi. Tukamweka juu ya pikipiki kwenda hospitali, mimi nyuma nikimshikilia. Mtoto wetu Mauwa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha uji. Mama yake akamwambia, "Kunywa uji wako. Mama anarudi sasa hivi."

Ndugu zangu, hakurudi. Kesho yake tulimzika.

Mauwa alikuwa mdogo sana, kandambili bado anazivaa kushoto kulia. Siku ya mazishi tulimwacha kwa jirani. Mama mkwe wangu, Bibi Kashindi, alifika kwa treni kutoka Kabalo, naye akakuta udongo umekwisha kurudishwa. Mjukuu akamrukia shingoni. "Bibi, Mama iko wapi?" Bibi akamtazama, akasema, "Mama yako amepanda treni. Ameenda kule kwangu Kabalo. Atarudi." Simlaumu. Alikuwa mzazi aliyekosa hata kumwona mwanawe akifukiwa. Na mimi nilinyamaza, maana lile neno lenyewe lilikuwa halipiti kooni. Bibi akabaki nasi kulea mtoto, na treni ile ikabaki nasi pia.

Ninyi wakaaji wa Kalemie mnaijua treni yetu. Haina siku. Inaweza kupotea mpaka watu waisahau. Lakini kila ilipopiga honi, Mauwa aliacha kila kitu, akatafuta kandambili zake, akasimama mlangoni. Bibi alimwambia, "Si hii. Ni ile nyingine." Naye mtoto alivua kandambili, akaziweka mahali pake. Nyumba yetu iko nyuma ya stesheni. Honi haikutupita hata moja.

Muda wa masomo ukakaribia. Mwalimu, Mama Juliana, alituita wazazi mapema, akatueleza: mtoto ajue kutaja jina lake, ajue kuomba kwenda chooni, anawe mikono, ale bila kulishwa. Na aweze kubaki na wenzake mzazi akienda. Tukaanza. Bibi alimfundisha kunawa. Mimi nilimfundisha kufunga vifungo, na vidole vyangu hivi vilivyoungua cheche ndivyo vilivyoshindwa zaidi; yeye alijua kabla yangu. Alijifunza kusema, "Naitwa Mauwa. Papa yangu anachoma vyuma. Tunakaa nyuma ya stesheni." Mtoto mwepesi!

Lakini lile la mwisho lilitushinda. Nikigusa mfuko wangu wa kazi, alinishika mguu. Hakikuwa kilio cha deko, ndugu zangu. Alitetemeka mpaka akatapika. Nikawa naenda naye bandarini. Siku moja cheche ikaruka, ikatua kwenye mkono wa nguo yake. Nikaizima kwa kiganja. Hakuungua, Mungu ni mwema! Lakini shefu wangu, mkubwa wa kazi, aliniita pembeni.

"Papa Mauwa, mutoto hapa hapana. Akipofuka, nitasema nini?"

Alikuwa na haki. Basi tukaona ajaribu masomo asubuhi moja, akae na watoto wengine, tuone. Bibi ndiye aliyempeleka. Watu walikuwa wamemshauri, "Mtoroke, atanyamaza mwenyewe." Akangoja mtoto ageukie picha za ukutani, akatoka polepole.

Asubuhi hiyohiyo treni ikaingia.

Nilikuwa nimefunika uso na kinga ya kuchomelea, muntu akanipiga begani, akaniambia: Mauwa hayuko masomoni. Nilitupa vyombo nikakimbia. Kwanza nilikimbilia maji, maana ziwa lile linatulisha na pia linatuchukulia watoto. Nilitazama pwani yote, nikatazama mawimbi. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimesikia honi.

Nilimkuta stesheni. Watu walikuwa wanashuka na magunia ya mahindi, na madumu ya mafuta ya mawese, na kuku waliofungwa miguu. Katikati yao alikuwa Mauwa, na nguo yake mpya ya masomo, kandambili moja mguuni. Alikuwa anamwinulia uso kila mwanamke aliyeshuka. Anamtazama, anamwacha, anamwendea mwingine. Nilipomfikia, watu walikuwa wamekwisha kushuka. Akanionyesha behewa la mwisho, lililokuwa limefungwa.

"Papa, Mama amebakia mule. Waambie wafungue."

Mlinzi mmoja, mtu mwenye huruma, alimsikia, akafungua lile behewa. Nikamnyanyua mtoto atazame. Ndani mlikuwa na maganda ya mahindi, basi. Mauwa alitazama pembe zote. Hakulia. Akasema, "Hayumo."

Ndugu zangu! Nimebeba vyuma vizito, lakini sijabeba kitu kizito kama neno lile. Palepale kando ya reli nikapiga magoti, mbele ya wapagazi, na nguo zangu za kazi. Nikaomba kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, nipe mdomo. Siombi lingine."

Nyumbani nikamwambia Bibi kwamba kesho ninampeleka mtoto kaburini kwa mama yake.

Akasimama. "Mutoto hapelekwi makaburini! Unataka kumuua na yeye?"

"Mama, huyu anakufa kwa kungoja."

"Basi enda peke yako. Mimi sitaki kusikia."

Asubuhi tulipanda kilima, mimi na Mauwa. Msalaba wa Feza ni wa chuma, niliuchomelea mwenyewe. Mtoto akaushika, akauliza pale ni mahali gani: "Papa, hapa njo fasi gani?" Nikapiga magoti tuwe sawa macho kwa macho. Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, hakikutoka kitu! Ulimi umekauka kabisa. Nikawaza moyoni: hata ombi lile dogo limekataliwa.

Ndipo nikasikia miguu nyuma yetu. Alikuwa Bibi Kashindi, kitenge amekikaza kiunoni, anahema. Hakunitazama. Aliketi chini, kwenye udongo, akamvuta mtoto kifuani.

"Mauwa, Bibi yako alikudanganya. Mama yako hakupanda treni. Feza wangu amekufa. Hapa njo tulimulaza."

Alikuwa hajalitamka neno lile hata yeye. Lilipotoka, likatoka na kile kilio alichokuwa amekifungia tangu ashuke kutoka Kabalo. Na mimi koo langu likafunguka. Nikalitaja jina la mke wangu kwa sauti. Nikamweleza mtoto yote: ile pikipiki, hospitali, na kwamba hakuna kosa alilofanya yeye.

Mauwa akauliza, "Mama alitaka kurudi?"

"Alitaka sana."

"Akashindwa?"

"Alishindwa, mwanangu."

Akalia. Alilia kama mtu anayejua sasa anamlilia nani, na sisi tukalia naye, wote watatu, mpaka jua likapanda. Nilimwomba Bwana mdomo, naye akaanza na mdomo wa mama aliyeumia kuliko mimi. Sifa kwake!

Sitawaambia kwamba yalikwisha siku ile. Aliniuliza, "Na wewe utakufa?" Nikamjibu kwamba kila muntu atakufa siku yake, lakini leo Papa anakwenda kuchota maji tu. Mama Juliana alituambia tusimtoroke tena kamwe: tumuage, tumweleze tutarudi lini kwa kitu anachokijua, na tukisema, turudi kweli. Basi nikawa namwambia, "Nitarudi kabla hujamaliza muhogo wako." Foleni ya bombani ikichelewa, nilirudi mbio na ndoo, maji yakinimwagikia, majirani wakicheka. Wacheke! Nilikuwa namjengea mwanangu kitu. Mara ya kwanza alilia mpaka niliporudi. Baadaye alisimama mlangoni, kimya. Baadaye akabaki ndani anakula.

Na siku ya masomo ikafika. Bibi alimsuka, akampaka mafuta mpaka uso ukang'aa. Mlangoni pa masomo nikachuchumaa. "Mauwa, Papa anakwenda kazini. Mkiisha kuimba na kula, Papa yuko hapa." Alikuwa ameshika vidole vyangu viwili. Akaachia kimoja. Akangoja. Akaachia na cha pili, akampa mwalimu mkono. Sikujua nilifikaje bandarini.

Nilirudi mapema, nikasimama ugani. Alikuwa mchangani na wenzake, wanapika ugali wa mchanga. Akainua kichwa, akaniona. Akawaambia wenzake, "Ule njo Papa yangu." Halafu akarudia mapishi yake. Hakunikimbilia. Alijua nipo.

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu! Ninamshukuru kwa Mama Juliana, na kwa yule mlinzi aliyefungua mlango ambao hakuwa na lazima ya kuufungua. Ninamshukuru zaidi kwa Bibi Kashindi, aliyeketi pale kando ya akina mama na mjukuu wake amelala mapajani. Wewe uliye na neno limekwama, usingoje mpaka ulipange vizuri. Mwendee Bwana na ulimi wako mkavu hivyohivyo. Mtegemee. Mimi nilimwendea kando ya reli, na mikono michafu, akanisikia.

Sasa ninaomba tusimame wote. Kila mmoja amtaje mbele za Mungu yule wake ambaye hajamtaja siku nyingi, kwa jina lake, kwa sauti. Msiogope. Mimi nitaanza.

Feza.