Mama Bandeji, Aliyeuguza Walioungua na Kuikataa Jehanamu Isiyo na Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu, mama tunayemsindikiza leo alituonya mapema tusimpambe siku hii. "Msinitie chumvi," alisema, "niliyo nayo inanitosha." Basi tutasema yaliyokuwa, na hayo peke yake yanatosha kuifanya familia hii itembee kifua mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1946, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana ukuta na kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi viatu na mkewe, aliyekuwa akishona mashuka ya hospitali. Alitanguliza miguu kuzaliwa, na mama yake alizoea kusema kwamba tangu siku ile hakuwahi kuingia mahali popote kwa njia ya kawaida. Alibatizwa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na wanaokumbuka wanasema alilia kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka.

Alipokuwa na miaka minane, mwalimu wa katekisimu alikuwa akiwaeleza watoto juu ya jehanamu, moto wake na vilio vyake visivyokoma milele na milele. Binti akanyoosha mkono.

"Mwalimu, Mungu anavisikia hivyo vilio?"

"Mungu anasikia kila kitu."

"Sasa anapumzika saa ngapi?"

Wenzake wakaangua kicheko, naye akatolewa nje asimame hadi somo liishe. Alipofika nyumbani alimkuta baba yake kibandani, midomo imebana misumari midogo kama ilivyo desturi ya mafundi viatu. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akaitema misumari kiganjani.

"Uliuliza kwa adabu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi wiki ijayo kaa mstari wa mbele."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1953, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, ambako alikuwa hodari wa biolojia na mbovu wa kushona, jambo lililomtia mama yake aibu kuliko lilivyomtia yeye. Januari 1965 aliingia chuo cha uuguzi, akahitimu Novemba 1968 akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Kuhusu aliyekuwa wa kwanza, marehemu alishikilia hadi uzeeni kwamba mwenzake alikuwa na mwandiko mzuri tu.

Tarehe 3 Februari 1969 alipangiwa wodi ya walioungua moto, ambayo wauguzi wengi waliomba kuhamishwa baada ya miezi sita. Yeye alikaa humo miaka thelathini na minne. Ilikuwa wodi ya vitanda kumi na vinane, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, katikati ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya kijani ambao haukuzuia sauti hata kidogo. Aliwafundisha wauguzi wapya mambo mawili kabla ya yote: mpe mgonjwa dawa ya maumivu nusu saa kabla hujamgusa, na bandeji iliyoganda kwenye kidonda usiivute, iloweshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka iachie yenyewe. "Haraka yako wewe ni kilio cha mwenzio," aliwaambia. Jina la Mama Bandeji alipewa na msichana wa miaka mitano aliyemwagikiwa na maji yanayochemka, ambaye alikataa katakata kuguswa na mtu mwingine yeyote. Jina likamganda. Hata daktari mkuu, aliyekuwa mtu wa kununa, alilitumia kwenye mikutano.

Tarehe 24 Aprili 1971 alifunga ndoa na fundi wa kutengeneza vyerehani, kijana mtaratibu aliyekuwa anakuja hospitali kukarabati mashine za chumba cha mashuka. Marehemu alikiri kwamba mashine moja iliharibika mara tatu katika mwezi mmoja, na kwamba yeye na mama yake waliijua sababu yake. Walijaliwa watoto watatu. Mumewe alikuwa muumini wa msimamo, akachaguliwa mzee wa kanisa mwaka 1980. Kila mtu aliyewahi kula mezani kwao anajua kwamba wawili hao walibishana kuhusu Maandiko kama watu wengine wanavyobishana kuhusu mpira, na hakuna aliyewahi kuondoka mezani kabla ya mwenzake kumaliza kula.

Ubishi wao mkubwa ulianza Agosti 1986. Siku moja waliletwa wodini watu wawili kutoka moto mmoja. Wa kwanza alikuwa mjane muuza vitambaa, ameungua mkono wa kulia na bega. Wa pili alikuwa jirani yake, mwanamume aliyegombana naye kwa sababu ya mpaka wa kiwanja, akamwagia mafuta nyumba yake na kuitia kiberiti. Moto ulimgeukia mwenyewe. Mjane aliokoka na nguo aliyovaa tu. Kila kitu kingine kiliteketea, pamoja na picha za mumewe, na hakubaki na hata moja.

Mjane akalazwa upande wa wanawake, jirani upande wa wanaume, ukuta wa kijani katikati. Mwezi ule dawa kali ya maumivu ilikuwa haba. Muuguzi mmoja kijana akasema waziwazi kwamba yule mwanamume angojee hadi wengine wote wapate.

"Mwache aonje, Sista. Si alitaka moto?"

"Ameshaonja," akajibu marehemu. "Lete trei."

Hata hivyo dawa haikutosha, na mtu yule alilia. Alilia akifungwa bandeji, alilia akifunguliwa. Siku ya kwanza mjane alimuuliza marehemu, "Anaumia?" Akajibiwa, "Sana." Mjane akasema, "Vizuri," akageukia ukutani. Marehemu hakumlaumu. Alisema hata yeye angesema hivyohivyo, pengine na zaidi. Wiki ya pili mjane akauliza tena, akajibiwa vilevile, lakini safari hii alijifunika shuka hadi masikioni. Siku ya ishirini na tatu, marehemu akimloweshea bandeji ya bega, sauti ikaanza tena upande wa pili. Mjane akafumba macho.

"Sista, mpeni dawa huyo mtu."

"Umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Nyumba yangu iko wapi hata nimsamehe? Lakini imetosha."

Marehemu alirudi nyumbani siku hiyo akaketi jikoni bila kuvua viatu. Mumewe alipomuuliza kulikoni, alimweleza yote, kisha akasema: "Yule mama amepoteza kila kitu, na hasira yake imefika mwisho siku ya ishirini na tatu. Mimi unajua hasira zangu, na nisingefikisha hata siku hizo. Sasa wewe na mimi tunawafundisha watoto kwamba Mungu hatafika mwisho kamwe. Kwamba Yeye ndiye mwenye moyo mgumu kuliko sote."

Mumewe akasema haki ya Mungu haipimwi kwa mizani ya wodi. Akajibu kwamba hana mizani nyingine. Ubishi huo uliendelea miaka ishirini na mitano.

Wakati huo marehemu alikuwa akifundisha Shule ya Jumapili, darasa la watoto wa miaka tisa na kumi. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya rangi ya jehanamu, iliyotundikwa kabla yeye hajaanza kufundisha. Machi 1988 mama wa mtoto mmoja alimjia akamnong'oneza kwamba binti yake ameanza upya kukojoa kitandani, na kwamba kila siku anataja watu wa kwenye ile picha. Marehemu aliingia darasani, akapanda juu ya benchi, akaitazama picha ile kwa karibu. "Aliyeichora," alituambia baadaye, "hakuwahi kumwona mtu aliyeungua." Akaing'oa, akaikunja vizuri, akaipeleka ofisini kwa mchungaji na kuiweka mezani.

Tarehe 12 Mei 1988 aliitwa mbele ya baraza la wazee saba. Mumewe alikuwa mmoja wao. Tunaeleza haya kwa ruhusa ya mwenyekiti wa baraza lile, ambaye ni mzee sasa, naye yupo hapa leo na ametusaidia kukumbuka.

Mwenyekiti alimuuliza kama anafundisha kwamba hakuna adhabu.

"Hapana, Mwenyekiti. Adhabu ipo, na nadhani nyingine itauma. Kidonda hakisafishwi bila maumivu. Lakini sijawahi kusafisha kidonda ili kiendelee kuuma."

"Na tajiri yule katika Maandiko, aliyeomba tone la maji akanyimwa?"

"Huyo ndiye anayenisumbua," akasema. "Sina jibu lake. Lakini na yule mchungaji aliyepotelewa na kondoo, alimtafuta mpaka lini?"

"Mpaka alipomwona."

"Basi. Mimi nimeshika hapo."

Wakamtaka aahidi kwamba atafundisha kama ilivyoandikwa katika kitabu cha mafundisho. Akasema hawezi kuahidi, maana mtoto akimuuliza uso kwa uso hatamdanganya. Wazee wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Watano walitaka asimamishwe kufundisha, wawili hawakutaka. Mumewe alikuwa miongoni mwa wale watano.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Alimwandalia chakula, akaketi mkabala naye.

"Umenyoosha mkono kwa dhamiri yako, au kwa kuwaogopa wenzako?"

"Kwa dhamiri yangu."

"Basi kula kisije kikapoa."

Watoto wao walikuwa chumba cha pili wakitega masikio, wakingoja dunia ipasuke, lakini walichosikia ni vijiko tu.

Wengi walidhani atahama kanisa. Wapo waliomshauri hivyo kwa nia njema, na wapo waliotamani aondoke. Hakuondoka. Kwa miaka tisa alikaa benchi la pili kutoka mbele, Jumapili baada ya Jumapili, akiimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko uzuri. Waliokuwa wakimpita bila salamu aliwasalimu yeye, kwa majina na majina ya watoto wao. Na walipoungua, maana jiko halichagui Mkristo safi, walimkuta wodini na trei yake. Novemba 1997 baraza jipya lilimwandikia barua ya mistari miwili kumwomba arudi darasani. Haikutaja jehanamu hata mara moja. Aliisoma, akacheka, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, akafundisha tena hadi mwaka 2015. Kanisa letu halijaliamua suala lile hadi leo, na familia haikukusudia liamuliwe mbele ya jeneza. Tunachosema ni kwamba mama yetu aliuliza kwa adabu, na hakukimbia.

Alistaafu uuguzi tarehe 30 Juni 2003. Mwaka 2011 mumewe aliugua moyo. Mzee yule, aliyekuwa imara maisha yake yote, alishikwa na hofu. Kulikuwa na jambo la ujanani aliloliungama zamani, lakini halikumtoka rohoni, na sasa lilimjia kila alipofumba macho. Asubuhi moja binti yao mkubwa alikuwa akibadilisha maji ya kunawa, akamsikia baba yake akisema:

"Mama, niambie lile jambo lako."

"Lipi?"

"La yule mjane. Na kondoo."

"Umekubali hatimaye?"

"Sijakubali. We sema tu."

Akalisema lote tangu mwanzo, taratibu, amemshika mkono. Alilisema kila siku kwa siku kumi na moja, hadi mumewe alipofariki tarehe 2 Oktoba 2011, usingizini, uso umetulia. Marehemu hakuwahi kudai kwamba ameshinda ubishi. Aliposifiwa kwa hilo, alikasirika.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kudhoofu. Aliugua kama alivyouguza, bila haraka, akiwasahihisha wauguzi pale walipostahili na kuwapongeza pale walipostahili zaidi. Mwenyekiti wa lile baraza alikuja kumwona mara nne. Mara ya mwisho alimwambia, "Dada, kura ile nimeifikiria sana." Akamjibu, "Na mimi tajiri yule nimemfikiria sana. Kaa, unywe chai."

Wiki ya mwisho mjukuu wake, ambaye naye anasomea uuguzi, alimuuliza kama haogopi kufika akakuta alikosea, kwamba moto ule upo na hauna mwisho.

"Nikikuta nimekosea," akasema, "nitaomba wanipeleke hukohuko. Kama kuna walioungua, patahitajika muuguzi."

Alifariki Ijumaa tarehe 17 Februari 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mabinti wawili, mmoja mwalimu na mwingine mpima ardhi, na mwana mmoja, fundi vyerehani kama baba yake. Wakwe watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Dada yake mdogo, mtu pekee aliyethubutu kumkatiza akizungumza. Wauguzi wengi aliowafundisha, ambao tunawaona leo wamekaa pamoja kule nyuma. Na watu tusioweza kuwahesabu, wenye makovu ambayo hayaumi tena.

Mungu aliyemwamini, mwenye huruma isiyofika mwisho, ampokee na kumpumzisha.