Risala ya Walinzi wa Sayari ya Zambarau Kuomba Adui Wao Arudishwe Wodini

Darsait, Muscat, 2003

Mgeni rasmi, Daktari Ishaq bin Nasor, Mkuu wa Hospitali. Sista Wadha wa wodi ya watoto. Wazazi, majirani na wote mliofika kwenye soko letu la hisani: asalaam aleikum.

Kukaribisha

Tunakukaribisha kwa furaha, na kwa hofu kidogo. Mara ya mwisho tulipoonana ulikuwa umesimama juani kwenye maegesho ya hospitali, kikombe cha chai mkononi, na king'ora cha moto kilikuwa kinalia kwa sababu yetu. Umekuja hata hivyo, na jambo hilo limetugusa sana. Kiti chako ni hicho chenye mto. Cha pembeni usikikalie, kimewekwa kichwa cha roboti na gundi haijakauka.

Historia ya umoja wetu

Umoja huu ulizaliwa mwaka 1996 kwa Bwana Majid, karani wa Bandari ya Sultan Qaboos. Siku hizo televisheni ilikuwa ikionyesha kila siku baada ya alasiri katuni ya Walinzi wa Sayari ya Zambarau, na mtoto wa Majid alikuwa hali chakula mpaka iishe. Mtoto akalazwa kwa homa. Majid akaenda kumtazama na sufuria kichwani na pazia la zambarau mabegani, akajitangaza kuwa Kapteni. Wodi nzima ikamtaka kitandani kwake. Haukupita muda, tukawa kundi la watu wazima wenye kazi na heshima zetu, tunagombea mapazia.

Tunajiita Tawi la Darsait, ingawa hakuna tawi jingine popote.

Mafanikio

Ngao zetu ni vifuniko vya magurudumu kutoka maduka ya magari ya Wattaya, na roboti wetu ni katoni ya friji. Kwa silaha hizo tumezuru wodi, vituo vya watoto wenye ulemavu na masoko ya hisani. Siku moja pale bandarini watalii walipiga picha nasi wakidhani ni ngoma ya asili ya hapa. Hatukuwasahihisha, maana walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Lakini fahari yetu kubwa ni adui yetu, Ghurabu, kunguru wa giza, mwenye helmeti ya pikipiki na mipira ya maji ya mashine ya kufulia ikining'inia kila upande. Ghurabu hutisha kwa Kiarabu cha vitabuni, kama kwenye katuni, na akikanyagwa hulalamika kwa Kiswahili cha Ng'ambo, Unguja. Kwa hiyo watoto humkanyaga makusudi, na yeye hushindwa kila wiki bila kuchoka.

Changamoto

Mgeni rasmi, sasa tuseme la moshi.

Kwetu mtu hatoki nyumbani kwenda kumtazama mgonjwa nguo zake zikinuka jasho. Hufukizwa kwanza. Ghurabu, kwa adabu hiyo, aliweka chetezo cha udi chini ya vazi lake palepale kwenye maegesho, akafukiza mpaka ndani ya helmeti, kisha akaziba mipira yote kwa vitambaa ili harufu isipotee njiani. Kipande cha udi kikabaki kwenye sponji ya helmeti, kinafuka polepole. Alipofika katikati ya wodi akavuta vitambaa ili sauti yake isikike vizuri. Sauti haikusikika. Ulitoka moshi, kwanza masikioni, halafu kila mahali.

Yaliyofuata unayajua. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, na wazima moto walisema hawajawahi kuitwa kwenye moto unaonukia vizuri namna ile. Uliamuru kijana yule asikanyage tena hospitali yako. Tulikubali, kwa sababu ulikuwa na haki, na tunaona aibu mpaka leo.

Tangu hapo tunakuja wodini mashujaa watupu bila adui, na hatuna la kufanya. Kapteni husimama katikati ya vitanda akiwauliza watoto habari za skuli. Mmoja alimwomba atengeneze antena ya televisheni. Tulijaribu kumpa mwenzetu Bwana Yaqoob vazi la uadui, lakini Yaqoob ni mpole mno. Alibisha hodi, akaomba radhi kwa usumbufu, na watoto wakamkaribisha biskuti.

Yupo Raghad, wa miaka saba, ambaye mguu wake umevunjika vibaya. Tangu alazwe alikuwa hasemi na mtu, hata mama yake. Siku ya moshi, tukiwa kwenye maegesho, alimshika Sista Wadha mkono akamwambia, "Mie n'shamuona anafuka. Bado sijamaliza naye." Tangu siku ile anamwulizia Ghurabu kila tukifika, na sisi tunamdanganya kuwa yuko safarini.

Jumatano atafanyiwa upasuaji, na anaogopa. Amemwambia Sista, "Peke yangu siendi. Nakwenda na mateka wangu."

Maombi

Ombi letu ni moja. Jumatano, Ghurabu aruhusiwe kukokotwa nyuma ya kitanda cha Raghad, amefungwa mikono, kutoka wodini hadi mlango wa chumba cha upasuaji, kisha abaki hapo nje mpaka mtoto atoke. Kamba ipo tayari. Ni kilemba cha babu yake Raghad, kile kizuri cha Idi, na kimefichwa chini ya mto wake. Sista Wadha amekiona, akajifanya hakukiona.

Sisi mashujaa hakuna aliyetuomba. Imetuuma, lakini tumemeza.

Na hatupendi kukuficha. Yule uliyemwita kijana ni Bi Masouda, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye wajukuu. Ndiye huyo wa mstari wa mbele mwenye miwani, aliyekumiminia kahawa ulipoingia, nawe ukamwambia mkono wake una baraka. Ameahidi kuja Jumatano bila udi, bila ubani, bila hata tone la mafuta mazuri, akinuka sabuni tu. Hajawahi kutoka nyumbani hivyo tangu aolewe. Jana alipotuahidi alilia kidogo, na sisi tukalia naye.

Mgeni rasmi, Bi Masouda anasimama sasa na birika kukuongezea. Sote tunajua desturi: aliyetosheka hukitikisa kikombe. Ukikitikisa tutaelewa, na Raghad tutamtafutia maneno. Lakini tunakuomba, kwa leo tu, unyooshe mkono usikitikise.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya, awape nafuu wagonjwa wako wote, na auunge mguu wa Raghad upate nguvu za kumkanyaga adui yetu miaka mingi ijayo. Amin.

Ni sisi,
Walinzi wa Sayari ya Zambarau, Tawi la Darsait, pamoja na Adui wao.

Imesomwa na Katibu, Buthaina, ambaye pia ni roboti.