Baba Mkwe Wetu, Aliyeuliza "Kati ya Wangapi?"

Nilimwona marehemu kwa mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, sebuleni kwake, nilipokwenda kujitambulisha kama mchumba wa binti yake. Nilikuwa seremala wa miaka ishirini na tatu, nimeishia darasa la saba, na aibu yangu mnaijua. Alitazama viatu vyangu, akatazama mikono, kisha akaniuliza umri mara ya pili, kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa na walakini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa pili kati ya watano, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akasomea takwimu miaka miwili, kisha akawa karani wa ofisi ya usajili wa ndoa hadi alipostaafu mwaka 2003. Alimwoa mama yetu mwaka 1974. Mama husema alikisoma cheti cha ndoa mara tatu kabla ya kutia sahihi.

Kazini alipanga ndoa na talaka kwa umri wa waume, makundi ya miaka mitano mitano. Asilimia yoyote aliishuku. Redio ikitaja moja, aliiuliza, "Kati ya wangapi?"

Lakini siku ile uchungu wa kumtoa binti ulimpotosha.

"Kijana, nimefuatilia ndoa tulizosajili miaka kumi iliyopita. Zilizovunjika, asilimia sitini ni za waume wa miaka ishirini hadi ishirini na nne. Kundi lako hilo."

Nilinyanyuka niage. Binti yake akatua sinia la chai.

"Baba, hiyo ni kati ya zilizovunjika. Kati ya waliooa je?"

Akakohoa. "Zilizovunjika hamsini. Za kundi lake thelathini."

"Na kundi lake walioa wangapi?"

"Mia mbili."

"Basi ni asilimia kumi na tano. Na wa thelathini hadi thelathini na nne?"

"Walioa ishirini," alisema kwa shingo upande. "Zikavunjika tano."

"Robo nzima. Nikakutafutie mkwe huko?"

Marehemu alicheka hadi akavua miwani. "Keti, kijana. Ila bado nakuchunguza."

Alinichunguza kweli. Mlango wa nyumba yake niliutengeneza mimi, lakini kila nilipoufunga alinyanyuka kuutikisa.

Februari 2024 figo zake zilianza kushindwa. Mwezi Juni, akiwa amelazwa, daktari alitupa moyo kwamba asilimia arobaini ya wagonjwa hupata nafuu. Marehemu alinituma mimi, si binti yake, nikaulize kati ya wangapi. Niliuliza huku natazama sakafu. Arobaini ilikuwa ya wagonjwa wa umri wote. Wa miaka sabini kwenda juu walikuwa hamsini, na waliopata nafuu ni wanne. Nilimpelekea jibu kama lilivyo. Alfajiri iliyofuata, tarehe 9 Juni, alifariki, akiwa na miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, binti mmoja, wana wawili, wakwe watatu na wajukuu sita. Tunamwombea pumziko lisilo na mashaka.

Nilipompa lile jibu alinikazia macho. "Umeuliza vizuri?"

"Nimeuliza, baba."

Nilingoja amwite binti yake akahakikishe. Akajivutia shuka.

"Basi. Mlango huu siutikisi."