Oksijeni Moja Katika Dawa ya Mzee Burhan

Mambo yalianza Jumamosi, tarehe 9 Juni 1979, saa kumi alasiri, kwenye benchi la Adrisi muuza kahawa, Nalufenya, mjini Jinja. Vita vilikuwa vimepita, maduka yangali matupu, na kahawa ilinywewa chungu kwa kukosa sukari. Gidudu mchuuzi alikuwa amerudi kutoka Mbale na kichupa cha vidonge vya moyo. Nulu, aliyesomea kemia chuo kikuu mpaka vita vikakifunga, alisoma lebo mara mbili. Baba yake, mzee Burhan, alikuwa kitandani, dawa yake ya moyo, digoksini, imekwisha.

— Hii ni digitoksini, Nulu alisema. Si ile ya baba.

— Ni ndugu yake, Gidudu akajibu.

— Ndugu kweli. Molekuli zao zina mkia uleule wa sukari. Tofauti iko kwenye kiwiliwili: hii imepungukiwa oksijeni moja.

Muzamiru fundi magari, aitwaye Injini, alicheka.

— Moja tu? Mimi gari narudisha barabarani bila boliti nne.

— Ndiyo maana abiria wanasukuma, Adrisi akasema. Lakini wewe Nulu, mwanangu, kama dawa ina sukari, basi moyo wa mzee una njaa ya sukari. Mpe asali ya Mlima Elgon.

— Asali ya nini? Gidudu akasema. Tuchemshe na ndimu. Sukari ikatike, ibaki dawa tupu, kali.

Nulu alikishika kichupa kwa mikono miwili.

— Hapana, mjomba. Sukari hiyo si ya utamu. Ukiikata yote, dawa hutoka mwilini upesi mno. Na hii yenye oksijeni pungufu hukawia kutoka. Ya leo inaikuta ya jana, zinarundikana, mpaka moyo unasimama.

Askari mmoja Mtanzania, aliyekuwa akingoja kikombe, akauliza:

— Sasa, dada, mzee ameze ngapi?

Nulu angeweza kuichora dawa ile yote mchangani, lakini kipimo chake hakuwahi kufundishwa.

— Sijui, afande.

— Alfajiri lori letu linakwenda Mbale. Hospitalini kuna daktari.

Alfajiri baba alinyoosha kiganja, akingoja kidonge. Nulu akamshika kifundo cha mkono, akasikia mapigo yakikimbia na kujikwaa. Hakumpa kitu. Alimfunika blanketi, akakifunga kichupa kwenye pindo la leso, akapanda lori la askari kwenda kuuliza kipimo, lori la aina aliyokuwa akiikimbia tangu shule ya msingi, enzi za utawala ulioangushwa na vita.