Mkono Uliofunika Mdomo Wangu

Bwana asifiwe na kila mwenye kinywa! Asifiwe tena, hata na sisi wenye meno ya kuonea haya!

Ndugu zangu, mimi ni binti wa hapa Bongwe, lakini nilizaliwa bara, mahali ambapo maji ya kisima huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, nayo haitoki. Tulipohamia huku Kwale, wenzangu shuleni waliniita Meno Chai. Tangu hapo nikawa nasema huku nimefunika mdomo kwa mkono. Nilicheka nimefunika. Hata kwaya niliimba nimefunika, mnakumbuka wenyewe!

Sasa sikieni maajabu. Msichana huyo huyo alitamani kuwa daktari wa meno! Baada ya ile mvua ya Elinino nikaitwa Nairobi kwa usaili wa chuo. Mama alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nani atampa nafasi ya kusomea meno mtu mwenye meno haya?

Nikafunga na kuomba. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, meno meupe. Niliyasugua kwa mkaa, nikayasugua kwa ndimu, mpaka hata maji ya kunywa yakawa yananiuma. Kila asubuhi nilikimbilia kioo. Chai ile ile! Na kila nilipopitiwa na usingizi mchana, niliota nimesimama mbele ya wasaili. Nafumbua kinywa, na badala ya maneno unamwagika mchanga, mchanga mweupe wa Diani, polepole, hauishi, mpaka unanifika magotini. Nikaamua siendi.

Jirani yetu Bi Mwanamisi, mama wa Kiislamu anayepika mbaazi za nazi za kuuza, akasikia. Alasiri moja akaniita uani kwake, akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia, akanipa nazi.

"Kuna, mwanangu. Leo msaili ni mimi. Kwa nini wataka kutibu meno?"

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kukuna nazi kwa mkono mmoja? Wangu ulitaka kupanda mdomoni, nazi ikaponyoka.

"Usiniangushie nazi yangu! Haya, sema."

"Nataka kusaidia watu, mama."

"Hilo kila mtu hulisema. Wewe wataka nini?"

Nikakuna. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua lilikuwa limelegea ukutani, harufu ya nazi imejaa ua mzima, nami nikawa kama niliyelala macho wazi. Nikasikia sauti inasema, "Sitaki mtu yeyote afunike mdomo tena." Ilikuwa sauti yangu! Nikatazama chini. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye nazi, na mdomo wangu uko wazi, upepo unaingia. Nikalia papo hapo.

"Lia pembeni basi," akasema Bi Mwanamisi, "mbaazi zangu nimeshazitia chumvi."

Nikarudi kwake kila alasiri. Ile ndoto ikanijia tena, lakini safari hii kilichomwagika kinywani kilikuwa nazi iliyokunwa, nyepesi, na kina mama wanaikinga kwa mabakuli huku wanacheka. Nikaamka nacheka nami.

Siku ya usaili nilikuta wazee watatu nyuma ya meza. Mkono ukaanza kupanda. Bwana akanikumbusha nazi! Nikaikamata mapajani kana kwamba ipo kweli, na nawaambia, niliisikia harufu yake mle chumbani. Mmoja akaniuliza, "Binti, na meno yako yamekuwaje?"

Nikajibu kwa mdomo wazi. "Ni maji ya kisima, daktari, siyo uchafu. Kwetu watoto wengi wako hivi, nao hujificha kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Nataka kuwa wa kuwaeleza."

Wapendwa, nimechukuliwa! Mwezi ujao naanza masomo. Asubuhi hii nimepita kwa Bi Mwanamisi kumuaga, akanitazama mdomoni, akasema, "Alhamdulillahi, sasa nauona uso wako wote."

Namshukuru Mungu, aliyeninyima meno meupe akanipa kinywa. Na wewe uliyekaa hapo umeficha kitu kwa mkono wako, usingoje kiwe cheupe kwanza. Mwamini Yeye, uinue mkono huo sasa. Mimi nauinua wangu. Mnayaona? Chai ile ile! Bwana asifiwe!