Mzee Aliyetoroka Wodini

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu alikaa mzee aliyevaa ndala za wodini, ubavuni mwa dada aliyepakata ndoo ya mizizi ya maharage. Dada alimweleza kwamba ndani ya vifundo vya mizizi ile wanaishi bakteria wanaoulisha mmea, na kazi yake ni kuwapanga katika makundi kwa kupima vinasaba vyao.

"Si uwatazame tu?" mzee akauliza.

"Kwa macho wanafanana, baba. Mpaka uwapime ndani."

Mzee akainamisha uso. "Leo nilikuwa nibadilishiwe vali ya moyo. Daktari akasema mishipa yangu imejaa chokaa, upasuaji utakuwa mgumu. Nikaaga naenda kunawa, nikatoroka. Binti yangu ananisubiri mlangoni pa chumba cha upasuaji, anajua baba yake ni simba."

"Rudi, baba. Atakuelewa."

"Nitamtazama kwa uso gani?"

Simu yake ikaita. Akaipokea kwa mikono miwili. "Niko msalani, mwanangu," akasema, na dereva, asiye na habari, akapiga honi ndefu.

Binti akakata simu. Basi likasimama kituo cha mwisho, nasi abiria tukampita mzee pale kitini tukitazama chini, utadhani ni sisi tuliotoroka.