Kiazi Kilichopondwa Kwenye Mlenda

Shikamooni wazee. Kina mama wenzangu, mmenipa nafasi, nami nitasema kama ilivyokuwa.

Mwaka tuliohamia kijiji hiki, lori lilitushushia magunia ya viazi ulaya vya kuwapikia watu siku za shamba la pamoja. Mimi, niliyekulia uwele na mtama, nikapangwa kumenya. Siku ya kwanza viganja viliwasha vikatoka vipele. Ya pili, chafya mfululizo na macho kuvimba. Nilipovila vimeiva, midomo ilifura na kifua kikabana.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea. Sikusema. Ukikataa chungu cha wote, mnajua tunavyosema: anatuona wachawi. Basi nikadanganya. Leo nimefunga, kesho mtoto anaharisha, keshokutwa nimejikata kisu. Msimamizi wa jiko akachoka nami.

"Tukutafutie kazi ya ofisini, mke wa mwanetu," alisema mbele ya wote. "Huko hakuna maganda."

Walicheka. Nikaitwa kupe, na mume wangu akaulizwa kama nyumba yetu inastahili kubaki kijijini. Nilipoeleza ukweli, walisema hicho nacho ni kisingizio kipya.

Siku ya palizi nikapewa ugali na mlenda. Tonge la tatu, koo likafunga. Nakumbuka mkokoteni wa ng'ombe, kisha sikumbuki.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mume wangu. Kule zahanati mganga aliuliza nimekula nini. Wote wakajibu mlenda. Msimamizi alikuwa amekimbia kwa miguu nyuma ya mkokoteni. Akasema, "Nimeponda kiazi humo. Nilitaka kumuumbua."

Angeweza kunyamaza. Mganga akajua la kufanya, akanichoma sindano, pumzi ikarudi.

Baadaye mganga alinieleza kwamba mwili wangu unakikataa kiazi, kibichi na kilichopikwa, na kwamba vipele, chafya na kubanwa kifua vyote vinatoka huko. Akaniambia nikiona nyanya au mnavu navyo vinaniwasha, niviache vilevile.

Sasa natwanga mtama, na msimu huu hakuna aliyetwanga kunizidi. Bisheni.

Namshukuru mganga, mume wangu, na waliokimbiza wale ng'ombe. Nawaambia: chakula kikikudhuru, sema mapema hata kwa aibu. Nawe unayeambiwa, uliza, usimjaribu mwenzako.

Msimamizi wetu ameketi pale nyuma. Kila siku ya shamba huniinjikia chungu changu kwanza, kabla hajagusa kiazi. Mama, hatujawahi kulizungumza. Asante kwa kusema kweli siku ile.